Kizuri Chajiuza? Fundi wa Gikomba, Cheti cha Ufundi na Lugha ya Mtihani

Ikisiri

Makala hii inajadili cheti cha ufundi kinachopatikana kwa mtihani wa daraja nchini Kenya, manufaa yake katika maisha ya kazi ya fundi wa jua kali, na nafasi ya lugha katika safari ya kukipata. Eneo la Gikomba, mashariki ya kitovu cha jiji la Nairobi, limeteuliwa kuwa mfano. Hoja zetu ni mbili. Kwanza, cheti hakimpi fundi ujuzi. Humpa shahidi, na shahidi huyo huhitajika zaidi pale ambapo fundi hajulikani. Pili, kikwazo kimojawapo kinachomzuia fundi kumpata shahidi huyo ni lugha, na kikwazo hicho hakiwezi kuondolewa na kamusi peke yake.

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Atokaye katikati ya jiji la Nairobi, akapita Kamukunji na kuingia Gikomba, hukutana na methali hii ikiwa hai. Mabati hupigwa nyundo yakawa masanduku, karai na majiko. Mbao hupigwa randa zikawa vitanda, makabati na fremu za makochi. Nguo za mitumba hufumuliwa, zikapimwa upya na kushonwa kwa cherehani hadi zikamkaa mnunuzi kana kwamba zilikatwa kwa ajili yake. Katika mazingira haya hakuna anayeulizwa alisoma wapi. Mnunuzi huushika mguu wa kitanda, akautikisa, akatazama maungio, kisha akauliza bei. Kitanda ndicho cheti.

Hata hivyo, katika miaka ya hivi karibuni swali limezuka baina ya mafundi wenyewe: je, yafaa mtu aliyefanya kazi kwa miaka 20 aende kufanya mtihani ili apewe karatasi inayosema kwamba anaijua kazi hiyo? Wapo wanaoona kuwa ni kupoteza siku ya kazi. Wapo waliokwenda, wakafaulu, na maisha yao yakabadilika. Wapo pia waliokwenda wakarudi wameinamisha vichwa, si kwa kuwa hawakuijua kazi, bali kwa kuwa hawakulielewa swali.

Huenda msomaji akauliza: jambo hili linawahusu nini wanafunzi wa Kiswahili? Inatarajiwa kuwa kufikia mwisho wa makala hii jibu litakuwa limejitokeza bayana.

2.0 Ufafanuzi wa istilahi

Ni vyema tuanze na maneno yenyewe, kwa kuwa maneno huhifadhi fikira za waliyoyatumia kabla yetu.

Neno fundi limejengwa juu ya mzizi tunaoukuta katika funda, fundisha na mafundisho. Mwari hufundwa unyagoni. Kijana hufundishwa karakanani. Kwa hivyo, fundi si mtu mwenye mikono myepesi tu. Ni mtu aliyepokea maarifa kutoka kwa mwingine na ambaye anaweza kuyapokeza kwa mwingine. Anayejifunza kazi chini yake huitwa mwanagenzi, na hali ya kujifunza hivyo ni uanagenzi. Methali isemayo kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta inatuonyesha kuwa jamii zetu zilikuwa na ngazi za ufundi hata kabla ya kuja kwa vyuo. Mtoto huanza kwa kuvuta mivukuto, na siku moja hukabidhiwa nyundo. Kuvukuta ni daraja. Kusana ni daraja nyingine.

Neno cheti lilitufikia kutoka Bara Hindi, na maana yake ya awali ni kijikaratasi chenye maandishi. Hapa ndipo penye chanzo cha dharau ya baadhi ya mafundi: karatasi ni karatasi. Lakini lugha yetu ina neno jingine linalotumiwa kwa hati za kufuzu, nalo ni shahada. Neno hili la asili ya Kiarabu lina undugu na shahidi, ushahidi na kushuhudia. Shahada, basi, ni ushahidi. Ni kauli ya mtu wa tatu, asiye muuzaji wala mnunuzi, anayesema: nimemwona huyu akifanya kazi, na nathibitisha kuwa anaiweza. Tukilielewa jambo hili, mjadala mzima unabadilika. Swali si kama karatasi inaweza kutengeneza kitanda. Swali ni kama fundi anahitaji shahidi, na anamhitaji wapi.

3.0 Historia fupi ya jua kali na mtihani wa daraja

Istilahi jua kali ilitokana na hali ya kazi yenyewe: mafundi walifanya kazi zao nje, bila paa, juani. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya, na ripoti hiyo ndiyo iliyoipa dhana ya sekta isiyo rasmi umaarufu ulimwenguni. Ilisisitiza kwamba wafanyakazi wa sekta hiyo hawakuwa wazururaji, bali watu waliozalisha mali na kujiundia riziki. Mtaalamu Kenneth King alichunguza mafundi wa Nairobi, wakiwemo watengenezaji mashine wa Gikomba, na akachapisha vitabu viwili vinavyohusu mafundi wa aina hii, kimoja mwaka 1977 na kingine mwaka 1996. Kwa hiyo Gikomba si eneo geni katika maandishi ya kitaaluma, ijapokuwa maandishi hayo hayakuwa ya Kiswahili.

Serikali nayo iligeuza macho. Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulitia masomo ya kazi za mikono katika mitaala. Mafundi wa Kamukunji walipata kujengewa vibanda vya kujisitiri na jua. Mnamo 1992 palitolewa Waraka wa Bunge uliohusu biashara ndogondogo na maendeleo ya jua kali. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa ufadhili wa Benki ya Dunia, uliendeshwa mpango wa vocha za mafunzo, ambapo mfanyabiashara mdogo alipewa vocha na kuachiwa hiari ya kuchagua angependa kufunzwa na nani. Matokeo yake yana funzo kubwa: wengi hawakuzipeleka vocha hizo vyuoni, bali kwa mafundi stadi wenzao. Walimchagua mwalimu aliyekuwa karibu nao, anayeifahamu kazi yao na anayesema lugha yao.

Mtihani wa daraja wenyewe una umri mkubwa kuliko juhudi hizi. Sheria ya Mafunzo ya Viwandani ilitungwa mwaka 1959, wakati wa ukoloni, na kwa muda mrefu mitihani hiyo ilisimamiwa na Idara ya Mafunzo ya Viwandani. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2011 yaliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, ijulikanayo kwa ufupisho NITA, ambayo ndiyo iliyoirithi kazi hiyo. Mwaka 2014 ikatungwa sheria iliyoanzisha mfumo wa kitaifa wa kuvilinganisha vyeti vya ngazi zote. Chini ya mfumo huo limepata nguvu wazo la kuutambua na kuupa thamani ujuzi ambao mtu aliupata kazini, nje ya darasa.

4.0 Madaraja na namna mtihani unavyofanywa

Mtihani wa ufundi una madaraja matatu. Daraja la III ni la fundi anayeanza kujitegemea. Daraja la II ni la aliyekomaa, na daraja la I ni la fundi stadi anayeweza kusimamia kazi na kuwaongoza wengine. Msomaji aliyezoea kwamba namba kubwa ni cheo kikubwa atahadhari hapa: fundi hupanda kwa kuteremka kutoka tatu kwenda moja.

Kiini cha mtihani ni kazi ya mikono. Mtahiniwa hupewa mchoro, vifaa na muda maalumu, akatakiwa kutengeneza kitu mbele ya mtahini. Seremala, kwa mfano, aweza kutakiwa kuunganisha mbao mbili kwa ulimi unaoingia tunduni, bila msumari. Mtahini hatazami kitu kilichokamilika peke yake. Hutazama jinsi mtahiniwa anavyopima kabla ya kukata, anavyoshika patasi, anavyojikinga asijidhuru na anavyotumia mbao bila kuzipoteza. Kazi hiyo huandamana na maswali ya nadharia: aina za mbao, majina na matumizi ya zana, usomaji wa michoro, usalama kazini, hesabu za vipimo na gharama.

Tanbihi moja yafaa itolewe. Kazi ya mikono hupima yale ambayo fundi wa Gikomba huyafanya kila siku. Maswali ya nadharia hupima yale anayoyajua lakini ambayo huenda hajawahi kuyatamka. Tutalirudia jambo hili katika sehemu ya 7.0.

5.0 Manufaa ya cheti

5.1 Ujira unaotambuliwa na sheria

Amri za kima cha chini cha mishahara nchini Kenya huwapanga wafanyakazi kwa aina ya kazi. Katika orodha hiyo fundi asiye na daraja ametajwa peke yake, kisha fundi wa daraja la III, la II na la I, na kila hatua ina kima chake kinachozidi cha hatua iliyotangulia. Maana yake ni kwamba mafundi wawili wanaweza kusimama kwenye benchi moja, wakaifanya kazi ile ile kwa ustadi ule ule, lakini mmoja awe na haki ya kudai ujira ambao mwenzake hawezi kuudai. Tofauti baina yao ni ushahidi wa maandishi. Vilevile, matangazo ya nafasi za mafundi serikalini hutaja cheti cha daraja kuwa sharti la kuajiriwa, na mara nyingi la kupandishwa cheo.

Yamkini fundi wa Gikomba atajibu kuwa yeye halipwi mshahara bali hulipwa kwa kila kipande anachokitengeneza. Jibu hilo ni sahihi maadamu yumo Gikomba. Siku atakapotafuta kazi kiwandani, hospitalini au shuleni, atakuwa ameingia katika ulimwengu wa orodha ile.

5.2 Sifa inayosafiri

Methali ya kizuri chajiuza ina sharti moja ambalo halitamkwi: lazima mnunuzi awe karibu. Sifa ya fundi wa jua kali imefungamana na mahali. Wateja wanamjua kwa kibanda chake, kwa mti ulio karibu naye, kwa jirani yake auzaye chai. Kibanda kikitoweka, sifa nayo hutawanyika.

Gikomba inalijua jambo hili kwa uchungu. Soko hilo limeungua mara nyingi. Katika moto wa tarehe 28 Juni 2018 watu wasiopungua 15 walipoteza maisha, na mali ya wengi ikateketea. Aidha, baada ya mafuriko ya mwaka 2024, wakazi wengi wa kandokando ya mito ya Nairobi walihamishwa na makao yao kubomolewa. Fundi aliyepoteza randa, cherehani na kibanda kwa usiku mmoja hubakiwa na mikono yake. Lakini mikono haina maandishi. Akienda Nakuru au Mombasa ataanza upya kama mwanagenzi, avukute tena, hadi watu wapya wamwone na kumwamini. Mwenye cheti huanza akiwa na shahidi. Hapa ndipo tunapoona kwamba cheti ni akiba isiyowekwa kibandani.

5.3 Kuingia katika kazi kubwa

Katika mpango wa nyumba za bei nafuu ulioshika kasi baada ya mwaka 2022, Serikali ya Kenya ilielekeza kwamba milango na madirisha yatengenezwe na mafundi wa jua kali. Kazi ya aina hii haifanani na kumtengenezea mteja mmoja mlango mmoja. Inahitaji mamia ya milango yenye vipimo visivyotofautiana, iliyotengenezwa kwa kufuata mchoro. Mwenye mradi hawezi kwenda kumtikisa kila fundi mlango wake. Hutaka uthibitisho kabla ya kazi kuanza.

Ni muhimu kutambua kwamba mahitaji haya hayawahusu wa jua kali peke yao. Tuchukue mfano wa wasimamizi wa miradi, watu wenye shahada za chuo kikuu. Tangu mwaka 1984 Project Management Institute, taasisi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1969, imekuwa ikiwatahini na kuwapa cheti cha PMP. Mtu haruhusiwi kufanya mtihani huo hadi awe ameongoza miradi kwa muda wa kutosha: aliye na shahada ya miaka minne hudaiwa uzoefu wa miezi 36, na asiye na shahada hudaiwa miezi 60. Akifaulu, hutakiwa kukihuisha cheti chake kila baada ya miaka 3 kwa kuonyesha kwamba ameendelea kujifunza. Wasimamizi wa Nairobi hukitafuta cheti hiki kwa kuwa mashirika na kampuni nyingi hukitaja katika matangazo ya kazi.

Linganisha sasa. Msimamizi wa mradi hufanya kazi kwanza, kisha hutafuta shahidi. Fundi wa Gikomba naye amefanya kazi kwanza. Hakuna anayemwambia msimamizi kwamba kizuri chajiuza, akae angojee kuonekana. Kwa nini basi tumwambie fundi hivyo? Msingi wa vyeti hivi viwili ni mmoja: uzoefu uliothibitishwa na mtu wa tatu.

5.4 Haki ya kufunza

Fundi mwenye daraja la juu ana nafasi bora ya kutambuliwa kuwa mkufunzi. Programu za kuwapa vijana ujuzi, kama ule mradi wa serikali wa kukuza ajira kwa vijana ulioanza katikati ya miaka ya 2010 kwa msaada wa Benki ya Dunia, ziliwaweka vijana chini ya mafundi stadi na kisha kuwapeleka kwenye mtihani wa daraja. Kwa njia hii uanagenzi wa jadi uliunganishwa na cheti cha kisasa.

6.0 Pingamizi dhidi ya cheti

Mjadala wa haki haufai kuzificha hoja za upande wa pili. Ya kwanza ni gharama. Kuna ada ya mtihani, nauli na zaidi ya yote siku za kazi zinazopotea. Kwa mtu anayekula alichokipata leo, siku mbili bila kazi si jambo dogo.

Ya pili ni kwamba cheti na ujuzi si pacha. Wapo wenye vyeti wasioweza kunyoosha ubao, na wapo mabingwa wasio na hata kijikaratasi. Hoja hii ni ya kweli, lakini haitoshi kukikataa cheti. Kuwapo kwa mashahidi wa uongo mahakamani hakujatufanya tuache kuwaita mashahidi. Kunatudai tuwachunguze vyema zaidi.

Ya tatu ni nzito kuliko zote. Wasiwasi upo kwamba cheti kikifanywa kuwa lazima, wasioweza kukipata watafukuzwa kwenye riziki yao. Kilichokusudiwa kuwa mlango kitageuka ukuta. Nani basi hawezi kukipata? Si asiyejua kazi tu. Ni pia asiyejua lugha ya mtihani.

7.0 Lugha ya mtihani

Gikomba inapakana na Pumwani, mtaa ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 na ambao sehemu yake ya Majengo imekuwa makao ya Waislamu wasemao Kiswahili kwa vizazi kadhaa. Ni mojawapo ya chemchemi za Kiswahili katika jiji la Nairobi. Kazi yote ya Gikomba hufanywa kwa Kiswahili, kikiwa kimechanganyika na Sheng na lugha nyingine za Kenya. Mwanagenzi hukosolewa kwa Kiswahili, mbao huagizwa kwa Kiswahili, bei huvutaniwa kwa Kiswahili. Lakini karatasi za nadharia na fomu kwa kawaida huwa za Kiingereza.

Mwandishi wa makala hii alilishuhudia tatizo hili kwa macho yake. Fundi mmoja wa vitanda, mtu wa makamo, alikuwa na karatasi ya maswali ya mazoezi aliyopewa na mwenzake. Aliinyoosha juu ya benchi lililojaa vumbi la mbao, akasema, “Mwalimu, hebu nisomee hapa. Naona herufi tu.” Swali lilimtaka ataje sababu tatu zinazofanya mbao zipinde. Liliposomwa kwa Kiswahili, hakungoja hata kidogo. “Mbao ikiwa mbichi itapinda. Ukiianika juani upande mmoja, itapinda. Ukizipanga bila kuweka vijiti katikati hewa ipite, zitapinda zote.” Kisha akaongeza ya nne ambayo haikuombwa: ubao uliopasuliwa karibu na moyo wa mti hauaminiki. Majibu yote yalikuwa sahihi. Kwenye karatasi nafasi za majibu zilikuwa bado tupu.

Tungeishia hapo, tungesema kwamba dawa ni kutafsiri mtihani kwa Kiswahili, tukapiga makofi. Lakini jaribio la pili lilitufedhehesha. Aliulizwa kwa Kiswahili sanifu kazi ya jiriwa. Akatazama, akatabasamu. “Jiriwa ndiyo nini, mwalimu?” Alipoelezwa kuwa ni kile chombo cha kubania kitu kisitikisike, alicheka. “Si useme vaisi!” Keekee naye hakuijua, ingawa drili ilikuwa mkononi mwake. Bisbisi aliijua kwa jina la skrudraiva. Kwa upande mwingine, randa, patasi, msumeno, tupa na msasa yalikuwa maneno yake ya kila siku, na hakuna hata mmoja karakanani aliyeyahitaji maelezo.

Tukio hili linabainisha kuwa fundi amesimama mbele ya kuta mbili. Ukuta wa kwanza ni Kiingereza cha karatasi. Wa pili ni Kiswahili cha kamusi, ambacho sisi wasomi tumekijenga tukiwa mbali na benchi la fundi. Mtihani uliotafsiriwa na mtu asiyewahi kukanyaga karakana ungemwangusha fundi yule kwa lugha yake mwenyewe, na aibu hiyo ingekuwa kubwa kuliko ya kwanza.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 7, inasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Kwa hiyo, kudai kwamba fundi apewe nafasi ya kujieleza kwa Kiswahili si kuomba hisani. Majirani zetu wa Tanzania wametutangulia. Huko, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyotokana na sheria ya mwaka 1994, huendesha shughuli inayojulikana kama urasimishaji wa ujuzi, ambapo fundi aliyejifunza mitaani hupimwa na kupewa cheti. Istilahi kama fundi stadi, fundi mchundo na fundi sanifu zimezoeleka katika matangazo ya kazi ya nchi hiyo. Lugha imewapa ngazi majina, na ngazi yenye jina hupandika kwa urahisi.

8.0 Mapendekezo

Kutokana na mjadala huu tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, maswali ya nadharia yatolewe kwa Kiswahili na Kiingereza, na asiyeweza kuandika aulizwe kwa mdomo. Linalopimwa ni ufundi wa mbao, si wa kalamu.

Pili, istilahi za mitihani hiyo zikusanywe karakanani kabla ya kusanifiwa. Pale ambapo fundi ana neno moja na kamusi ina jingine, yote mawili yaandikwe bega kwa bega: jiriwa au vaisi, keekee au drili. Wakati utaamua lipi litabaki.

Tatu, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vyuoni viifanye kazi hii. Tumekuwa hodari wa kuandaa makongamano kuhusu ukuzaji wa istilahi, tukiketi kwenye kumbi na kubuni maneno. Gikomba haiko mbali na vyuo vikuu vya Nairobi. Kikundi cha wanafunzi watano wenye daftari wanaweza, kwa likizo moja, kukusanya msamiati wa useremala, uhunzi na ushonaji ambao hakuna kamusi iliyouhifadhi kikamilifu.

Nne, wanafunzi hao hao wawasaidie mafundi kusoma fomu na karatasi za mazoezi. Huduma hii haihitaji ufadhili. Inahitaji adabu ya kukaa kwenye kigoda na kusikiliza.

9.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kuwa cheti cha daraja humnufaisha fundi kwa kumpa ujira unaotambuliwa kisheria, sifa inayosafiri, nafasi katika kazi kubwa na haki ya kufunza. Imeonyesha pia kuwa manufaa hayo huwaponyoka wengi kwa sababu ya lugha. Methali tuliyoanza nayo haijakanushwa, imewekewa mpaka. Kizuri chajiuza kwa yule aliyekiona. Kwa asiyekiona, shahidi anahitajika.

Wahenga hao hao walisema kwamba chanda chema huvikwa pete. Pete haikifanyi chanda kuwa chema. Wema ulitangulia, pete ikafuata, na mtu wa mbali akaiona pete akajua. Mafundi wa Gikomba wana vyanda vyema. Fundi yule wa vitanda alipomaliza kujibu maswali aliuliza swali moja ambalo hadi leo halijapatiwa jibu: “Sasa, mwalimu, haya yote niliyokwambia, nani ataniandikia?” Swali hilo linatuhusu sisi tunaosoma Kiswahili.

Maswali ya mjadala

1. Jadili uhusiano wa maneno shahada, shahidi na cheti, ukionyesha jinsi asili ya neno inavyoweza kuathiri mtazamo wa jamii kuhusu kitu.

2. Methali “Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta” ina fasiri zaidi ya moja. Zieleze, kisha uonyeshe ni ipi inayoafiki mfumo wa madaraja ya ufundi.

3. Tembelea karakana moja iliyo karibu nawe. Kusanya majina 20 ya zana na vitendo, uyalinganishe na yaliyomo katika kamusi unayoitumia. Ni majina gani utakayopendekeza yasanifiwe, na kwa sababu gani?